Kampuni ya Simu Inajua Nini Kuhusu Unachopakua

Mtu anayenunua bando la mitandao ya kijamii peke yake, lile linalofungua WhatsApp na Instagram lakini likagoma kufungua tovuti ya benki, ameshapewa jibu la swali linalobishaniwa sana vijiweni: je, kampuni ya simu inajua ninachofanya mtandaoni? Inajua kiasi cha kutosha kuitenga WhatsApp na YouTube, kuzihesabu megabaiti za kila upande peke yake, na kuufunga upande mmoja zinapokwisha huku upande wa pili ukiendelea kupitisha. Isingekuwa na uwezo huo, bando la namna hiyo lisingeuzika, kwa sababu kila mteja angenunua lile la bei ndogo kisha akaangalia filamu usiku kucha.

Wakati huohuo, kampuni hiyohiyo haiwezi kusoma ujumbe uliomwandikia dada yako ndani ya WhatsApp. Inajua kwamba umeandika, saa ngapi, na kwa uzito gani, lakini haijui ulichoandika. Watu wengi hupotea hapo. Wapo wanaoamini kwamba kuna mtu amekaa ofisini anasoma kila kitu chao, na wapo wanaoamini kwamba wakishafuta historia ya kivinjari hakuna anayejua lolote. Wote wanakosea, ingawa nadhani hawa wa pili ndio walio katika hatari zaidi, maana yule mwenye hofu angalau hujihadhari.

Ninayaandika haya kwa sababu ninasimamia mtandao wa nyumba ya wapangaji huku Sinza, Dar es Salaam, ambako waya mmoja wa faiba unaingia kwenye kisanduku cha ghorofa ya chini na kugawanywa vyumbani kupitia ruta ya MikroTik. Kwa kadiri hiyo ndogo, mimi pia ni mtoa huduma. Ninachokiona kwenye ruta ile ni kionjo cha kile ambacho kampuni kubwa inaweza kukiona, ila mimi nina wapangaji wachache na kompyuta moja, nao wana mamilioni ya laini na mitambo iliyonunuliwa mahususi kwa kazi ya kuchambua data inayopita.

Nikifungua ukurasa wa usimamizi wa ruta, naona orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na vingi vinajitaja vyenyewe kwa jina la aina ya simu. Naona kila kifaa kinawasiliana na anwani ipi ya IP (namba ya kukitambulisha kifaa au tovuti mtandaoni), tangu saa ngapi, na kimepitisha data kiasi gani kwenda na kurudi. Nikiwasha kumbukumbu ya DNS, mfumo wa kutafuta anwani za tovuti kwa majina yake, naona pia majina ya tovuti zinazoombwa, moja baada ya nyingine, pamoja na kifaa kilichoomba. Kumbukumbu hiyo nimeizima, na huiwasha tu pale kitu kinapokataa kufanya kazi na chanzo hakionekani, kwa sababu kwa muda mfupi sana inaweza kukueleza kuhusu jirani yako mambo ambayo huna haki ya kuyajua: nani anatafuta kazi nyingine, nani anabeti usiku wa manane, nani anasoma kuhusu ugonjwa ambao hajamwambia mtu. Mama mwenye nyumba aliwahi kuniuliza, "Hivi mwanangu, hawa wapangaji wangu unawaona wanachofanya huko mtandaoni?" Nikamjibu kwamba ninaona wanakokwenda, ila wakishaingia ndani sioni tena. "Basi," akasema, "hiyo si inatosha kabisa?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na sehemu kubwa ya makala haya ni kueleza kwa nini.

Mtu akituma kifurushi kwa basi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, karani anaandika jina la anayetuma, jina la anayepokea, mji, tarehe, basi na uzito. Boksi limefungwa kwa gundi na karani halifungui. Hata hivyo, karani aliyekaa kwenye dirisha lile kwa mwaka mzima anajua nani anamtumia nani, mara ngapi, na mzigo wa kawaida wa kila mmoja una uzito gani, na siku ukibadilika anajua kuna jambo. Mtoa huduma wa intaneti yupo kwenye dirisha la namna hiyo.

Gundi ya boksi katika intaneti ni HTTPS, yaani usimbaji fiche wa mawasiliano kati ya simu yako na tovuti unayoitembelea, kuyageuza yasisomeke na aliye njiani. Mizizi yake ni ya katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya Netscape ilipotengeneza SSL, usimbaji wa mwanzo wa aina hii, ili watu waweze kulipa kwa kadi bila namba zao kusomwa njiani, lakini kwa miaka mingi ilibaki kuwa kitu cha benki na maduka. Kurasa nyingine zote zilisafiri wazi, na yeyote aliyekaa katikati ya njia aliweza kuzisoma kama gazeti. Mambo yalianza kubadilika kwa kasi baada ya mwaka 2013, Edward Snowden alipofichua ukubwa wa ukusanyaji wa data uliokuwa ukifanywa na shirika la usalama la Marekani, NSA. Mwishoni mwa mwaka 2015 huduma ya Let's Encrypt ilianza kutoa vyeti vya usimbaji bure kwa kila mwenye tovuti, na Julai 2018 kivinjari cha Chrome kikaanza kuzibandika alama ya kutokuwa salama tovuti zote zisizokuwa na HTTPS. Leo sehemu kubwa mno ya kurasa unazofungua zimefungwa kwa njia hiyo. Ukisoma makala ya Wikipedia kuhusu ugonjwa fulani, kampuni yako inaona umekwenda Wikipedia, na haioni ni makala gani uliyosoma.

Ila gundi hiyo haifuniki kila kitu. Kabla simu haijafungua tovuti yoyote, inalazimika kwanza kuuliza anwani ya IP ya jina hilo, na kazi hiyo hufanywa na DNS, mfumo uliobuniwa mwaka 1983, zama ambazo watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na hakuna aliyefikiria kufichana. Swali la DNS kwa kawaida husafiri bila usimbaji wowote, tena kwa kawaida huelekezwa kwenye seva ya mtoa huduma mwenyewe. Maana yake ni kwamba hahitaji hata kukuchungulia. Wewe ndiye unayemwendea na kumwambia unakotaka kwenda. Baadaye, simu inapobisha hodi kwenye tovuti yenyewe, hulitaja tena jina la tovuti hiyo katika salamu ya kwanza, katika sehemu inayoitwa SNI, ambayo ni ya lazima kwa kuwa seva moja inaweza kuhifadhi maelfu ya tovuti na inahitaji kujua ni ipi unayoitaka kabla ya kukupa cheti chake. Toleo jipya la usimbaji, TLS 1.3 la Agosti 2018, lilikificha cheti chenyewe ambacho zamani kilipita wazi, lakini jina lile la kwenye salamu likabaki. Ipo teknolojia ya kulifunga nalo, inayoitwa ECH, na vivinjari vikubwa vimeanza kuikubali, ila inafanya kazi pale tu tovuti ya upande wa pili nayo imejiandaa, na tovuti nyingi bado.

Halafu kuna uzito na mwendo wa data, ambavyo ndivyo wengi hawavifikirii kabisa. Simu inayoita kwa sauti hupitisha vipande vidogo vidogo kwenda na kurudi kwa uwiano unaokaribiana. Video inayotazamwa papo kwa papo huja kwa mafungu, fungu, kimya, fungu, kimya, kwa kuwa programu huvuta sekunde kadhaa za mbele kisha ikapumzika. Faili linalopakuliwa hujaza bomba lote tangu mwanzo hadi mwisho na kukatika ghafla. Huhitaji kufungua chochote ili kutofautisha mambo haya matatu; hata mimi kwa ruta yangu ninayatofautisha kwa kutazama mchoro tu. Mwaka 2017, watafiti wa chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani walionyesha kwamba inawezekana kutambua ni filamu gani hasa ya Netflix mtu anaitazama, ingawa imefungwa kwa HTTPS, kwa kulinganisha ukubwa wa mafungu yake ya data na orodha iliyoandaliwa mapema. Sidai kwamba kampuni za hapa zinafanya hivyo, na sioni faida ya kibiashara ambayo zingeipata, lakini anayesema usimbaji umefunga kila mlango ajue kwamba vivuli bado vinaonekana dirishani.

Sasa tuje kwenye kupakua, ambako majibu yanatofautiana kulingana na njia unayotumia.

Ukipakua faili kutoka tovuti isiyokuwa na HTTPS, na bado zipo, hasa zile za miziki na muvi zilizojaa matangazo ya kuruka ruka, mtoa huduma anaweza kuona kila kitu: anwani kamili, jina la faili na kilichomo ndani yake. Ukipakua kutoka tovuti yenye HTTPS, anaona jina la tovuti na ukubwa wa ulichovuta. Gigabaiti 1.4 kutoka tovuti ya muvi haihitaji ufafanuzi mrefu, ila jina la muvi halimo. Kwenye Telegram, ambako ndiko vijana wengi wa Dar wanakovutia muvi zilizotafsiriwa siku hizi, kampuni inaona kwamba umeunganishwa na Telegram na umevuta kiasi fulani. Chaneli na faili hazionekani kwake. Zinaonekana kwa Telegram yenyewe, kwa sababu chaneli na mazungumzo ya kawaida ya huko yanahifadhiwa kwenye seva zao bila ule usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, unaofunguliwa na wanaozungumza peke yao, ambao WhatsApp iliukamilisha Aprili 2016, na jambo hili huwashangaza wengi wanaodhani Telegram ndiyo yenye siri kuliko zote.

Torenti ni habari nyingine kabisa. BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, haina ghala moja la kuchukulia mzigo. Kila anayepakua huchukua vipande kutoka kwa wenzake, na papo hapo huwagawia wengine vipande alivyokwisha kupata. Ili jambo hilo liwezekane, ni lazima anwani yako ya IP ionekane na wote waliomo katika kundi la faili hilo. Hakuna haja ya kumhonga mtu wa kampuni ya simu. Yeyote anaweza kujiunga na kundi, akakaa kimya na kuorodhesha anwani zinazopita. Hivyo ndivyo wafanyavyo mawakala wa kampuni za filamu na muziki katika nchi za magharibi: hujiunga, huandika anwani na saa, kisha humpelekea mtoa huduma barua ya malalamiko, naye ndiye anayejua ni mteja gani aliyekuwa na anwani hiyo saa hiyo.

Mtoa huduma mwenyewe naye anaitambua torenti kwa urahisi, kwa kuwa simu au kompyuta moja ghafla inaanza kuzungumza na mamia ya anwani zilizotawanyika duniani, jambo ambalo matumizi mengine ya nyumbani hayafanyi. Kila torenti ina alama yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 40, inayotokana na yaliyomo ndani yake, na alama hiyo husafiri wazi wakati programu inapowatafuta wenzake katika mfumo unaoitwa DHT. Baadhi ya programu hutoa chaguo la kusimba mazungumzo kati ya wanaopeana vipande, na watu hulibofya wakaridhika, lakini chaguo hilo haliufuniki utafutaji wa DHT. Kwa hiyo anayeamua kutazama kwa makini anaweza kuichukua alama, akaiweka kwenye injini ya utafutaji, na akaletewa jina la filamu. Ukiziacha tovuti zisizokuwa na HTTPS, hiyo ndiyo njia pekee, kati ya zote zinazotumika sana, ambayo inaweza kumfikisha mtoa huduma hadi kwenye jina la ulichopakua hata kama hakusoma baiti hata moja ya filamu yenyewe.

Je, wanajali? Mwaka 2007 kampuni ya Comcast ya Marekani iligundulika ikiyakata kwa makusudi mawasiliano ya BitTorrent ya wateja wake, na mwaka uliofuata tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ikaikemea. Sababu yao ilikuwa msongamano: watu wachache walikuwa wakila sehemu kubwa ya njia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu inayozihusu zaidi kampuni za hapa pia. Anayepunguziwa kasi baada ya kuvuka kiwango cha matumizi katika bando linaloitwa la bila kikomo amekutana na mashine inayohesabu gigabaiti, wala si mtu anayechagua muvi za kuzuia. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za wasanii hapa nchini pia, na anayetumia torenti asisahau kwamba anapakua na kusambaza kwa wakati mmoja.

Niongeze kando kwamba njia ambayo mtoa huduma haoni lolote ni ile ya zamani: kwenda kwa kijana wa kibandani mwenye kompyuta na kurushiwa muvi kwenye flashi. Hakimiliki inabaki palepale, na virusi vya bure utavipata, lakini mnara wa simu hauna habari.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo maandishi mengi ya ughaibuni kuhusu suala hili hayaligusi. Laini za simu za kawaida hazipewi kila moja anwani yake ya IP ya hadharani, kwa sababu anwani za IPv4 zimekwisha duniani na kampuni hulazimika kuwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa mfumo uitwao CGNAT. Wewe wa Tandika na mwingine wa Tegeta mnaweza kuonekana kwa tovuti moja kama mtu yuleyule. Wapo wanaofurahia wakidhani huo ni ulinzi, na mbele ya tovuti ni kweli mnafichana kidogo. Mbele ya kampuni hamfichani, maana ili kuurudisha mzigo kwa mwenyewe lazima mtambo ujue kila muunganisho ni wa laini ipi, na mtambo unaojua unaweza pia kuandika.

Nyuma ya laini yupo mtu, tena mwenye alama za vidole. Tangu Mei 2019 usajili wa laini Tanzania umekuwa ukifanywa kwa kulinganisha alama za vidole na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na laini ambazo hazikuhakikiwa zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Katika nchi ambako mtu hununua laini dukani bila kitambulisho, kujua namba ni mwanzo tu wa safari ndefu. Kwetu safari hiyo ni fupi sana, na anayempa rafiki au ndugu laini iliyosajiliwa kwa jina lake ajue kwamba mbele ya mtambo matumizi yote ya laini hiyo ni yake.

Wi-Fi za vocha zinazouzwa mitaani kwa mia tano au elfu moja zina sura tofauti kidogo. Kampuni kubwa inayoleta intaneti inamwona mwenye ruta tu, lakini mwenye ruta anawaona nyote, na huyo hana idara ya sheria wala sera ya faragha. Wengi ni vijana waungwana wanaotafuta riziki. Ila anayeniuliza kama ni sawa kufungua mambo yake ya siri kwenye Wi-Fi hizo, humwambia kwamba benki yake ipo salama kwa sababu ya HTTPS, na kwamba orodha ya tovuti anazotembelea ipo mikononi mwa jirani.

Kompyuta ya ofisini ni mbaya zaidi, kwani mwajiri aliyeiandaa anaweza kuwa ameweka ndani yake cheti chake mwenyewe kinachomwezesha kuufungua usimbaji, kusoma na kuufunga tena bila kivinjari kulalamika. Julai 2019 serikali ya Kazakhstan ilijaribu kuwataka wananchi wake waweke cheti cha namna hiyo kwenye vifaa vyao, na mwezi uliofuata Google, Mozilla na Apple zikakizuia katika vivinjari vyao. Kwenye kompyuta ya mwajiri hakuna wa kukizuia kwa niaba yako.

Kuhusu kinga, nianze na isiyokinga. Dirisha la siri la kivinjari halimfichi mtu yeyote kwa mtoa huduma wake. Ukurasa wa mwanzo wa dirisha hilo kwenye Chrome wenyewe unasema hivyo, ila hakuna anayeusoma. Linakuficha kwa mume, mke au mtoto atakayeishika simu baada yako, na si zaidi ya hapo.

Kinachosaidia kwa gharama ndogo ni kubadili DNS. Simu za Android kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018 zina sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao, ambapo unaandika jina la seva unayoiamini, kwa mfano dns.quad9.net au one.one.one.one ya Cloudflare, na maswali yako ya majina yakasafiri yamesimbwa. Katika nyumba ninayoisimamia nimeiwekea ruta mpangilio huo kwa ajili ya wote. Jina lile la kwenye salamu bado litaonekana, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba umetoweka, lakini ile orodha iliyokuwa ikiandikwa yenyewe bila jasho inakuwa imekatika.

VPN inakwenda mbali zaidi: inafunga kila kitu ndani ya bomba moja linaloelekea seva moja, na kampuni ya simu inabaki na anwani ya seva hiyo, muda na uzito. Kila ilichokuwa ikikijua sasa kinajulikana kwa mwenye VPN, na ndiyo maana neno bure katika biashara hii hunitia wasiwasi. Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure iliyodaiwa kuwalinda, huku ikiitumia kujua ni programu zipi za washindani zinazopendwa, hadi Apple ilipoifanya iondolewe kwenye duka lake mwaka 2018. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, nayo ya bure, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake kwa wateja wengine, kiasi kwamba mtu baki aliweza kuonekana mtandaoni kwa anwani ya mtumiaji asiye na habari.

Hapa nchini kuna sheria pia. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, ikirejea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinazokataza teknolojia ya kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyozuiliwa. Mtandao wa X ulipofungiwa nchini Mei 2025, mijadala ya VPN ilirudi kwa nguvu, na wengi walipakua ya kwanza waliyoiona dukani. Sitamshauri mtu avunje kanuni. Ninachosema ni kwamba matumizi ya VPN yenyewe hayafichiki; mtoa huduma haoni ulichobeba, ila anaona umepita na bomba.

Hilo la mwisho lina mfano mashuhuri. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya uongo vya bomu kwa kupitia Tor, mtandao wa kuficha watumaji, ili aahirishiwe mtihani. Tor haikuvunjwa. Wachunguzi waliangalia tu kumbukumbu za mtandao wa chuo kuona nani alikuwa ameunganishwa na Tor kabla ya barua pepe hizo kufika, wakamfikia, naye akakiri.

Biashara nayo ina tamaa zake. Kuanzia mwaka 2012 Verizon ya Marekani ilikuwa ikipachika alama ya kipekee ya kila mteja kwenye kurasa zisizosimbwa ili watangazaji waweze kumfuata, jambo ambalo halikujulikana sana hadi mwaka 2014, na mwaka 2016 kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 1.35. Mwaka mmoja baadaye bunge la huko lilizifuta kanuni ambazo zingewalazimisha watoa huduma kuomba idhini kabla ya kuuza historia za wateja wao.

Kwetu ulinzi wa kisheria upo, ingawa wachache wanautumia. Ibara ya 16 ya Katiba inataja hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaruhusu vyombo vya uchunguzi kudai data kwa watoa huduma, lakini pia inasema kwamba mtoa huduma halazimiki kuifuatilia data anayoisafirisha. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinazochakatwa, kutaka zilizokosewa zirekebishwe, na kukataa zitumiwe kumtangazia biashara, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko yake.

Anayetaka kuitumia aandike ombi kwa kampuni yake kwa maandishi na asiulize kwa jumla jumla. Aulize ni kumbukumbu zipi za matumizi yake ya intaneti zinazohifadhiwa, kama zinajumuisha majina ya tovuti au zinaishia kwenye anwani za IP na kiasi cha data, zinakaa kwa muda gani kabla ya kufutwa, na ni kampuni gani nyingine, ndani au nje ya nchi, iliyowahi kupewa. Aambatanishe namba ya laini na nakala ya kitambulisho, abaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa, na asipojibiwa aipeleke nakala hiyo kwenye Tume.